Baba Alivyoyapima Magari kama Ng'ombe

Asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Baba yangu alikuwa amelala chali katikati ya uwanja, mikono ameibana ubavuni, macho ameyafumba kwa sababu ya jua. Mama alikuwa amesimama karibu na kichwa chake, ungo wa uwele mkononi, akiuliza kama atume mtu kwa mganga.

"Niache," baba alisema bila kufumbua macho. "Napima."

Alikuwa anapima banda la magari. Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka kujenga hapo Makole banda la kuwekea magari mawili, na nimesikia pia kwamba ukiulizwa ukubwa wake unajibu, "La kutosha tu." Baba naye alijibu hivyo hivyo. Sogeza hicho kigoda ukae. Fundi wako hawezi kuanza bila wewe, na mimi sipendi kuzungumza na mtu aliyesimama kama anataka kukimbia.

Wakati huo Wadachi ndio waliokuwa wakitawala, na reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na kutupita kuelekea Tabora. Sisi tulikaa upande wa Hombolo. Mgiriki mmoja aliyekuwa akipeleka chakula kwenye makambi ya reli aliona makambi yanahamia magharibi, akaona hana sababu ya kuyaburuta huko magari yake mawili ya ng'ombe. Baba akampa mitamba mizuri, akayachukua magari. Majirani walidhani amerukwa na akili. Ametoa ng'ombe wanaozaa, walisema, amepewa mbao zisizozaa. Na chakula cha mama siku hiyo kilichelewa sana.

Mavuno yalipofika, majirani wale wale walikuja mmoja mmoja, kwa sauti laini, kuomba gari libebe uwele wao. Baba akawa mtu mkubwa. Tatizo likawa pa kuyaweka. Jua la kwetu unalijua. Magurudumu yalikauka mpaka yakawa yanagonga-gonga njiani utafikiri yanalalamika. Na fisi nao hawakuwa na aibu. Kamba zote za magari zilikuwa za ngozi, na fisi wa kwetu akikuta ngozi haulizi kama bado ina ng'ombe ndani. Tuliamka mara kwa mara tukakuta mikanda ya nira imeliwa, baba anatukana peke yake uwanjani.

Ndipo akaamua kujenga banda, tena la tembe kabisa, lenye nguzo na paa la udongo kama nyumba yetu. Na ndipo Masima anapoingia.

Masima alikuwa kijana aliyerudi kutoka kazi ya reli. Mrefu, mabega mapana, mpole mpaka anaudhi. Alikuja kwetu na habari za kutaka kunioa, na mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Nakwambia wazi, maana kwa umri huu sina wa kumwonea haya. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwepo mtu mmoja wa Nzuguni, mwenye ng'ombe wengi hata vumbi lao lilifika kwetu kabla yake mwenyewe. Huyo alikuwa na tumbo, na fimbo nzuri, na tabia ya kunitazama miguu kama mtu anayekagua kwato. Sikumtaka. Nilikuwa tayari kukimbilia porini kuliko kwenda Nzuguni.

Baba alimwita Masima akamwambia, "Nisaidie kujenga banda. Siku magari yatakapotoka humo, yakaleta uwele kutoka shambani na kurudi salama, siku hiyo nitakaa na wazee wako. Yasipotoka, mimi sina la kuongea nao. Yupo mwingine anangoja."

"Ndiyo, baba," Masima akasema.

Sasa sikiliza jinsi banda lilivyopimwa. Kwetu, ukitaka kujua chumba kiwe kikubwa kiasi gani, mtu mzima alilala chini, akachomekwa kijiti kichwani na kijiti miguuni. Ukitaka zizi, ulihesabu ng'ombe. Baba yangu alizaliwa zizini, nusura niseme. Maisha yake yote hakuwahi kutunza kitu kisichotembea chenyewe. Kwa hiyo alipomaliza kulala chali alisimama, akajikung'uta, akatangaza hesabu yake.

"Gari moja ni ng'ombe wawili. Magari mawili ni ng'ombe wanne. Ng'ombe wanne wanakaa kutoka hapa mpaka pale, na joto wanapeana."

"Ndiyo, baba."

Mimi nilikuwa napepeta karibu, nikamwona Masima anatazama gurudumu, anatazama vile vijiti, anatazama tena gurudumu. Kule kwenye reli alikuwa ameona mabanda ya magari, makubwa, mtu anazunguka gari lote na mzigo begani. Alijua. Lakini baba yangu alikuwa ameshika shoka, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, na ulimi wake ulikuwa umejifunza neno moja tu.

Mama ndiye aliyeuliza. "Na mtu atapita wapi katikati?"

"Mtu anapita wapi zizini?" baba akasema. "Anamsukuma ng'ombe, ng'ombe anasogea."

"Na gari nalo litasogea?"

"Wewe pepeta uwele wako."

Mama akapepeta, lakini kwa nguvu, makapi yote yakaenda upande wa baba.

Magari yakaingizwa kwanza, halafu ukuta ukajengwa kuyazunguka. Baba alisema ndiyo njia ya kutokosea. Miti ilikuwa ya kutafuta mbali, na mchwa walikuwa wanangoja, kwa hiyo hakutaka kupoteza hata fito moja kwa nafasi tupu. Tena yaliingia kichwa mbele, ule mti mrefu unaofungiwa nira ukitazama ukuta wa nyuma.

"Umeona wapi mnyama anaingia zizini kinyumenyume?" baba aliuliza.

"Sijaona, baba," Masima akasema, na kwa hilo hakuwa amedanganya.

Mlango nao baba aliuweka katikati kabisa, upana wa gari moja. Uwe katikati, alisema, gari hili lisione limependelewa kuliko lile. Yatatoka kwa zamu. Hivyo kila gari likawa na gurudumu moja linalotazama mlango na gurudumu moja lililojificha nyuma ya ukuta. Usicheke, mwanangu. Bado sijafika penyewe.

Paa likawekwa miti, fito, nyasi, na udongo juu yake. Tukasiriba kuta, mimi na mama, mpaka zikang'aa. Lilipendeza, hilo siwezi kulikana. Watu walikuja kulitazama. Na yule wa Nzuguni naye akaja. Alilizunguka na fimbo yake, akagonga ukuta, akachungulia mlangoni, akamwambia baba, "Hili ni banda la mtu mkubwa. Halina kasoro hata moja." Baba alitembea siku nzima kifua mbele. Masima alisikia maneno yale, na nilimwona anazidi kunywea. Niliwahi kumfuata kisimani nikamuuliza, "Yale magari yatatoka?" Akasema, "Nyemo, tuombe Mungu." Sikupenda jibu lile hata kidogo.

Uwele ukavunwa, ukalundikwa shambani, siku ikafika. Wazee wa Masima walikuja mapema, mjomba wake mbele. Wakasalimia, "Mbukwenyi," wakaitikiwa, wakakalishwa kivulini kwenye ubavu wa tembe, pombe ikaletwa. Mjomba alikuwa amejipaka mafuta mpaka nzi walikuwa wanateleza. Mimi nilijifanya nina kazi nyingi karibu na banda.

Baba aliingia bandani kama mtu anayekwenda kuwaamsha watoto. Akakaa kidogo, akatoka. Akaingia tena. Akatoka, akasimama mlangoni anakuna kidevu.

"Yamenenepa," alisema.

"Nini kimenenepa?" mama aliuliza.

"Magari. Tulipoyaingiza yalikuwa membamba."

Mjomba wa Masima aliinamisha uso ndani ya kibuyu chake, akakaa humo muda mrefu kuliko kiu ya kawaida.

Ilikuwa hivi: ule mti wa kufungia nira uko nyuma gizani, na ng'ombe hawawezi kuufikia maana hata mbuzi asingepita. Basi baba akaamua kulivuta gari la kulia kwa nyuma. Akaleta kamba ya ngozi, akaifunga nyuma ya gari, akafunga ng'ombe wawili nje. Gari likielekea kugonga ukuta, alisema, litageuza kiuno lenyewe litafute mlango.

"Ila awepo mtu katikati," akasema, "alisaidie kugeuka. Masima!"

"Ndiyo, baba."

Akaingia ubavu ubavu, tumbo amelivuta mpaka mgongoni. Gurudumu la gari la mbao, mwanangu, lina kichwa cha mti kinachochomoza katikati, kinene kama goti la ng'ombe. Kichwa cha gurudumu la gari hili kilikuwa kinaelekeana na cha gurudumu la gari lile. Masima alifika hapo akanasa, kimoja kifuani, kimoja mgongoni. Nilichungulia mlangoni nikamwona. Mbele hawezi kwenda, nyuma hawezi kurudi, mikono iko juu kama mtu anayenyang'anywa.

Baba alikuwa nje na fimbo, haoni kitu. "Uko tayari?"

"Ndiyo, baba." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto.

"Niwapige ng'ombe?"

Nilimtazama Masima usoni. Alijua gari lile likivutwa mshazari lingemjia yeye kwanza, kabla ya kuujia mlango. Alijua pia kwamba magari yasipotoka, mimi nakwenda Nzuguni. Niliona macho yake yanahama kutoka kwenye gurudumu mpaka kwangu, kutoka kwangu mpaka kwenye gurudumu.

"Ndiyo, baba," alisema.

Mwanangu, nilipiga kelele. Msichana hapigi kelele mbele ya wazee waliokuja kumposa, na mimi nilipiga kelele ambayo nadhani kule stesheni walidhani ni garimoshi. "Masima! Utakufa humo! Sema hapana! Mwambie hapana!"

Kelele zangu zikawashtua ng'ombe. Wakapiga hatua moja. Kamba ikakaza, gari likalia, likaanza kuinama upande wake.

"Hapana!" Masima alipaza sauti. "Hapana, baba! Simamisha! Hapana, hapana, hapana!"

Baba aliwarukia ng'ombe wake mwenyewe, akawashika pembe, akawasukuma nyuma mpaka kamba ikalegea. Kila kitu kikatulia. Hata kuku walitulia. Baba akaja mlangoni, akainama kuchungulia.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, baba."

"Tangu lini wewe unasema hapana?"

"Tangu sasa hivi." Na maadamu alikuwa ameshaanza, hakuweza tena kusimama, maneno ya mwezi mzima yalitoka yamepandana. "Na mlango si hapo! Na magari yameingia kwa kichwa, yalitakiwa yatazame nje! Na hapa wanatosha ng'ombe, si magari, maana ng'ombe anapumua, anajikunja, gari halijikunji! Na mama aliuliza vizuri tangu mwanzo, mtu atapita wapi! Na mimi ndiye mtu mwenyewe, na sipiti!"

Mjomba wake alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na mabega yanamtikisika. Mimi nililia. Nilikuwa nalia kwa sababu yuko hai, na kwa sababu nilijua basi, imekwisha, kesho vumbi la Nzuguni litaonekana.

Baba aliupima ukuta wa nyuma kwa macho. Halafu akasema, "Leteni majembe."

Walibomoa ukuta wa nyuma, ule niliousiriba kwa mikono yangu. Kipande cha paa kilishuka pamoja nao, na udongo wote wa juu ukammwagikia Masima, ambaye bado alikuwa amenasa na hana pa kuukwepea. Walipolisogeza gari akatoka, mwekundu kuanzia nywele mpaka vidole, meno tu ndiyo yalionekana. Mjomba akaona ni wakati wa kuokoa kilichobaki.

"Mzee mwenzangu," alianza, "msamehe kijana. Amechanganyikiwa kwa kubanwa. Hakuwa na nia ya kukujibu."

Baba akampungia mkono anyamaze. Akamtazama Masima.

"Ulijua tangu lini kwamba halitoshi?"

"Tangu ulipolala chini kupima, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaninyima Nyemo."

Baba akakaa juu ya nira, pale pale kwenye vumbi. "Ningemwua mtoto wa watu," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Kwa mkono wangu, mbele ya mjomba wake, naye ananiitikia ndiyo baba." Kisha akainua kichwa kumtazama mjomba.

"Yule wa Nzuguni alilizunguka banda hili na fimbo yake. Akaniambia halina kasoro. Au ni kipofu, au ni mwongo, na mimi mkwe wa namna hiyo simtaki, nitaishia kujenga nchi nzima vibaya. Tukae tuongee habari za vijana hawa. Sharti langu ni moja. Huyu asinijibu ndiyo tena mpaka awe ametazama."

"Ndi—" Masima alianza, akajikamata. Akamtazama baba, akanitazama mimi kwa makini sana, vumbi linamdondoka kwenye kope. "Ndiyo, baba," akasema.

Uwele ulifika jioni ile ile, na majirani waliokuja kuupakua walitaka kujua ukuta umekwenda wapi.

Banda walilijenga upya, safari hii kwa namna nyingine. Masima aliyaleta magari uwanjani yakiwa na mizigo juu na ng'ombe wamefungwa, mti wa nira ukitazama nje. Akamwomba mama apite katikati na kikapu kichwani, halafu apite akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni. Mahali mama alipogusa gurudumu, kijiti kikasogezwa. Baba naye akapita, na fimbo, na hasira zake, akatoshea. Kila gari likapata njia yake ya kutokea. Ilipofika jioni baba aliangalia vijiti vile vilivyo mbali mbali, akasema ni uharibifu wa miti. Masima akasema hapana. Baba akanung'unika, akaenda kukata miti.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu, lakini nitakutamkia wazi maana vijana wa siku hizi mnapenda kusema hamkuelewa. Usipime magari yako yakiwa yamelala. Yapime yakiwa kazini. Fungua milango yote, ya upande huu na ya upande ule, kwa pamoja, halafu mwambie mkeo ashuke na mtoto usingizini na kapu la sokoni. Mwambie kijana wako abebe gunia apite nyuma. Fikiria baiskeli, ngazi, debe la mafuta ya taa, na yale makorokoro yote unayosema utayatupa na hutayatupa. Fikiria pia gari utakalonunua kesho, maana najua unalitamani lile kubwa. Mahali mtu anapogusa, sogeza kijiti. Udongo mbichi husogezwa kwa mkono, ukikauka unasogezwa kwa jembe mbele ya wakwe.

Na kabla ya yote, tafuta fundi atakayekukatalia. Ukimwambia "la kutosha tu" akakuitikia haraka huku anachanganya udongo, mlipe nauli yake arudi kwao. Mkeo akiuliza swali, usimrudishe kwenye uwele wake. Nawe pia, ukiona mzee wako anakosea, hata kama ni mimi, hata kama kuna kitu unakitaka kutoka kwangu, niambie. Ndiyo ya woga haimheshimu mtu. Masima alikuja kuwa mume wangu, akaniambia hapana mara nyingi kuliko nilivyopenda, na sikumbuki nyumba yetu ikiangukiwa na kitu.

Haya, nenda. Mungu akupe kiwanja cha kutosha na mvua za wakati wake. Akupe nyumba ambayo mtoto anaweza kukimbia ndani yake bila kujigonga. Na zaidi ya hayo, akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia hapana kabla udongo haujakauka.